Kangaga Dogo la Mlimani: Je, Nyie Wawili Mnaliweza?

NYUMBA YENU, BUSTANI YENU

Mwezi uliopita tulimaliza habari ya rangi za chumba cha kulala, na swali lililofuata likawa moja tu: tukishapaka rangi, mezani tuweke nini? Maua ya plastiki yamewachosha. Maua ya kukata yananyauka siku ya tatu, na mwenzi wako akishanunua waridi anakukumbusha bei yake wiki nzima!

Basi mwezi huu nimewaletea kitu ambacho hakina ua, hakina harufu, hakina mbegu, na mara nyingi hakifiki urefu wa kidole chako. Ni kangaga. Siyo yale makangaga makubwa yanayoning'inia kwenye vyungu vya hotelini, hapana. Nazungumzia makangaga madogo kabisa yanayoishi kwenye mawe na magome ya miti huko juu ya Moshi, kwenye ukungu wa Mlima Kilimanjaro. Ukipita haraka huyaoni. Ukiyaona utadhani ni ukoga. Lakini ukiinama ukayatazama vizuri, utamwita mwenzako aje naye aone.

Najua kuna wanaume wameshaanza kufunua ukurasa unaofuata. Subiri kidogo, kaka. Humu ndani kuna habari ya kiwanja, nyumba na mama mkwe.

KANGAGA NI NINI HASA?

Kangaga ni mmea wa zamani sana, ulikuwepo duniani kabla ya mmea wowote wenye maua. Halitoi ua wala tunda. Geuza jani lake utaona vidoa vya kahawia chini yake. Wengi wakiviona hukimbilia dawa ya wadudu, wakidhani mmea unaumwa. Masikini! Vile vidoa ndivyo uzazi wake. Ndani yake kuna vumbi laini linaloitwa spora, na hilo vumbi ndilo linalopeperushwa na upepo kwenda kuanzisha maisha mapya.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuna zaidi ya aina 100 za makangaga. Makubwa yako ya kutosha. Lipo moja linalokaa juu kwenye matawi ya miti kama kiota cha ndege, linaitwa Drynaria volkensii. Jina hilo ni la Georg Volkens, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani aliyeishi Marangu miaka ya 1892 hadi 1894 na kuandika kitabu kizima kuhusu mlima huu, kilichochapishwa mwaka 1897.

Leo lakini tunashughulika na wadogo zao, wa ukoo wa Hymenophyllaceae. Mmoja wao ni Hymenophyllum kuhnii. Hilo nalo ni jina la Mjerumani, Max Kuhn, aliyeandika kitabu cha makangaga ya Afrika mwaka 1868. Usiogope majina, hakuna mtihani. Kikubwa unachotakiwa kujua ni hiki: jani la makangaga haya, ukiacha mishipa yake, kwa kawaida lina unene wa seli moja tu. Moja! Ngozi ya kitunguu ni blanketi ukilinganisha nalo. Mwanga unapenya kabisa, ndiyo maana likiwa na maji linang'aa kama kioo cha kijani.

Sasa wembamba huo una gharama. Majani ya mimea mingine yana ngozi ya nta na matundu ya kupumulia yanayofunguka na kufungika ili maji yasipotee ovyo. Kangaga hili halina hayo matundu. Linakunywa maji moja kwa moja kupitia jani, na linayapoteza kwa njia hiyo hiyo. Hewa ikikauka, nalo linakauka na kujikunja kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Mengi ya ukoo huu yana kipaji cha kurudi: mvua ikinyesha, jani linakunjuka na kuendelea na maisha. Lakini kila subira ina kikomo chake, na ukame wa muda mrefu unayamaliza.

UTALITAMBUAJE?

Hapa ndipo watu wengi wanapoingizwa mjini. Mtu anakuuzia ukoga kwa bei ya kangaga, nawe unarudi nyumbani unatamba. Fuata hatua hizi nne.

Kwanza, tafuta mkia wa kinyonga. Jani changa la kangaga huzaliwa likiwa limejikunja mviringo, kisha linajikunjua taratibu kadiri linavyokua. Ukoga haufanyi hivyo. Ukiona vijani vidogo vilivyojiviringisha kwenye ncha, uko njia sahihi.

Pili, liweke kwenye mwanga. Kangaga lina mishipa. Utaona mstari mweusi au wa kahawia unaopita katikati ya kila kipande cha jani, na pande mbili za mstari huo jani linapitisha mwanga. Kijani cha ukoga ni vijani vidogo mno vilivyosongamana kuzunguka kijiti, siyo jani lililochanwachanwa lenye mishipa yake.

Tatu, kagua kingo. Kwenye ukoo huu vifuko vya spora haviko chini ya jani kama kwa makangaga mengine, viko pembeni kabisa. Kama kifuko kina midomo miwili kama kome aliyefumbua, hilo ni la kundi la Hymenophyllum. Kama ni kikombe au tarumbeta ndogo yenye unywele uliochomoza katikati, hilo ni la kundi la Trichomanes na jamaa zake. Simu yako ina kamera, itumie! Piga picha, ikuze, mtazame pamoja.

Nne, mjihadhari na Selaginella. Huyu ni jirani anayefanana na kangaga kiasi cha kuwadanganya hata wenye bustani zao. Anatambaa chini, ana vijani vidogo kama magamba vilivyojipanga kwa mistari, na ncha za matawi yake hubeba vibunzi vidogo vya spora. Vijani vyake havianzi kwa kujikunja kama mkia wa kinyonga. Siyo mmea mbaya, tena ni rahisi kutunza kuliko kangaga letu. Ila kama umelipia kangaga, chukua kangaga.

LINAPOISHI

Mji wa Moshi hupata mvua isiyofika milimita 1,000 kwa mwaka. Panda mlima upande wa kusini, na ukifika kwenye msitu wa mwinuko wa mita 2,000 na kidogo, mvua imepita milimita 2,000, hapo sijataja ukungu. Joto nalo linapungua kwa nusu digrii au zaidi kidogo kila unapopanda mita 100. Ndiyo maana mtu wa Marangu akishuka mjini mwezi Februari anatafuta kivuli, na mtu wa mjini akipanda Marangu mwezi Julai anatafuta koti.

Kangaga dogo linataka hali ya huko juu: ubaridi, giza la wastani, na hewa inayokaribia kuwa maji. Utalikuta kwenye magome ya miti mikubwa kama mkulo, kwenye mawe ya kingo za vijito, na mahali ambapo maporomoko yanarusha manyunyu mchana na usiku. Siku mkienda matembezi ya wawili Materuni au kwenye maporomoko ya Marangu, msipige picha za kukumbatiana tu. Sogeeni kwenye mwamba wenye ubaridi, pembeni ya njia, mtazame kwa macho. Kwa macho, jamani, siyo kwa kisu!

Nasema hivyo kwa sababu ipo. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, UNESCO ikaiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987, na mwaka 2005 msitu uliouzunguka mlima ukaingizwa ndani ya hifadhi. Kung'oa mmea humo bila kibali ni kosa la jinai. Na hata pasingekuwa na askari, fikiria hesabu yenyewe: kiraka cha kangaga kinachojaza kiganja kimechukua miaka kutambaa hapo. Wewe unakibandua kwa sekunde tano, unakifunga kwenye mfuko wa plastiki, na kufika Soweto au Shanty Town kimeshapikika.

KASHESHE YA KIHAMBA

Haya, sasa tuje kwenye yale niliyowaahidi.

Kuna wanandoa ninaowafahamu, vijana tu, wote wana kazi mjini. Bwana ni kitinda mimba, na kwa mila ya Kichaga kitinda mimba ndiye hurithi nyumba ya baba na kihamba chake. Desemba moja wakapanda nyumbani kama Wachaga wote, na kwenye kikao cha ukoo wakakabidhiwa. Furaha tupu! Mbege ikanywewa, mbuzi akachinjwa.

Januari wakaanza kuchora ramani. Bwana anataka nyumba ya kisasa, uwanja wa pevingi kuanzia getini, magari manne yaingie bila kubanana. Kuna mringaringa mkubwa na mfuruanje wa zamani vimekaa hapo hapo. Mringaringa ni mbao nzuri, mtu akaja na bei, bwana akapiga mahesabu ya bati. Mke alipokuja kusikia, mringaringa ulishalala chini.

"Mume wangu, ungeniambia," mke akasema.

"Ni mti tu, mama. Tutapanda mingine."

"Na kivuli cha kahawa ya mama tutakipanda lini?"

Bwana hakuwa na jibu. Mama mkwe, mzee wa watu, hakusema kitu. Alikwenda akasimama kwenye kisiki, akarudi jikoni. Nyumba ikawa kimya siku nne. Nyie mlio kwenye ndoa mnaujua ule ukimya.

Nani alikuwa na haki? Bwana alikuwa na haki ya kutaka nyumba nzuri, nani asiyetaka? Lakini kihamba siyo kiwanja cha mjini. Ni mfumo. Juu kabisa miti mirefu, mfuruanje, mringaringa, msesewe ule ule unaotia uchungu kwenye mbege. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, mboga na majani ya ng'ombe. Katikati mfongo unaleta maji kutoka juu. Kila ghorofa inaitunzia unyevu ile iliyo chini yake. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huu kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye vihamba vya Wachaga kuna zaidi ya spishi 500 za mimea, na zaidi ya 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Zimejileta zenyewe kwa sababu pana kivuli na unyevu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu pale Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia.

Makangaga yamo humo. Yako kwenye magome ya miti ya zamani, kwenye kuta za mawe, kwenye kingo za mfongo. Angusha mti mkubwa, jua linaingia, gome la jirani yake linakauka, na vile vitu vidogo ndivyo vinatangulia kuondoka. Kahawa inafuata kulalamika. Halafu mfongo.

Huko juu zaidi hali ni hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa. Hemp aliandika mwaka 2009 kwamba Kilimanjaro ilikuwa imepoteza karibu theluthi moja ya msitu wake ndani ya miaka 70, chini kwa kukatwa na juu kwa moto. Moto peke yake uliondoa takriban kilomita za mraba 150 za msitu wa ukungu katika miongo mitatu. Oktoba 2020 mlima uliwaka tena, na Oktoba 2022 ukawaka tena. Msitu wa ukungu ndio unaonasa maji ya mawingu na kuyadondosha ardhini. Yale maji mnayogombania kwenye bomba mjini yana uhusiano na ule ukoga na makangaga ya huko juu.

Wale wanandoa waliishiaje? Siku ya tano bwana aliamka mapema, akakata jani la sale kwenye mpaka wa shamba, akalifunga fundo, akampelekea kwanza mama yake, kisha mkewe. Kama wewe siyo mtu wa huku nikueleze: sale ndiyo mmea wa kuombea msamaha kwa Wachaga. Ukiletewa sale ni vigumu sana kukataa. Ramani ikachorwa upya. Nyumba imesogezwa mita chache, mfuruanje umebaki, uwanja wa magari umekuwa wa magari mawili. Mringaringa haukurudi, bila shaka. Ila bwana amepanda miche mitatu mahali pake, na mke ameniambia kwamba bado hajamaliza kuongelea habari ya mti ule. Sawa tu, ndoa ni ndefu.

Ushauri wangu kwa nyote mnaorithi: kabla ya kushika shoka au kumwita mtu wa mashine, tembeeni kihamba chote, wawili pamoja na mzee mmoja anayekijua. Hesabuni miti mikubwa. Angalieni magome yake yanabeba nini. Ulizeni ofisi ya kijiji na afisa misitu wa wilaya kuhusu kibali. Na jengeni mahali ambapo tayari pana uwazi.

MTU ALIYEFUNGA KANGAGA KWENYE CHUPA

Sasa wewe uliye mjini, huna kihamba, umepanga chumba na sebule, utalilea vipi? Jibu lilipatikana London mwaka 1829.

Kulikuwa na daktari anaitwa Nathaniel Bagshaw Ward. Alipenda makangaga, lakini moshi wa viwanda vya London uliyaua yote aliyopanda. Siku moja akaweka buu wa nondo kwenye chupa ya glasi yenye udongo wenye unyevu, akaifunga, asubiri atoke. Badala yake akaona kangaga na nyasi vinaota humo ndani! Maji yalipanda kama mvuke, yakagonga kioo, yakarudi chini kama mvua. Ward akaanza kutengeneza masanduku ya vioo, akaandika kitabu mwaka 1842, na masanduku yake yakatumika kusafirisha mimea kwa meli duniani kote.

Ila kuna sehemu ya pili ya hadithi. Waingereza walishikwa na wazimu wa makangaga kiasi kwamba mwandishi Charles Kingsley aliutungia jina mwaka 1855. Mabinti na kaka zao waliingia misituni na vikapu. Kangaga moja la Killarney kule Ireland, la ukoo huu huu tunaouzungumzia, lilikombwa mpaka likakaribia kwisha. Tuchukue chupa ya Ward, hao wenye vikapu tuwaache huko huko.

TENGENEZENI BUSTANI YA CHUPA

Jumamosi moja mchana inawatosha. Mtahitaji:

- Chupa kubwa ya glasi yenye mdomo mpana, kama zile za pipi za dukani, au tanki la samaki lililozeeka, lenye kifuniko cha kioo
- Kokoto safi
- Mkaa uliopondwa, kiganja kimoja
- Mboji iliyochanganywa na mchanga mkubwa na vipande vya gome
- Jiwe moja la volkano lenye matundu, Moshi yamejaa
- Maji ya mvua

Pangeni kokoto chini, kimo cha vidole viwili, ili maji ya ziada yakae huko. Juu yake mkaa, husaidia kuzuia harufu. Kisha mboji, vidole vitatu. Jiwe liwekeni katikati, kwa sababu makangaga haya yanapenda kushika jiwe au gome kuliko kuzikwa udongoni. Shina lake linatambaa kama uzi. Lilazeni juu ya jiwe, lifungeni kwa uzi laini wa pamba, msilifukie. Nyunyizeni maji ya mvua mpaka kila kitu kilowe bila kuogelea. Funikeni.

Wekeni mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua hata dakika tano. Chupa iliyofungwa ikikaa juani inakuwa sufuria. Kioo kikijaa matone kiasi kwamba hamuoni ndani, fungueni nusu saa. Kioo kikikauka kabisa, nyunyizeni. Mbolea hapana. Maji ya bomba kama hamna jingine, yaacheni kwenye ndoo wazi usiku kucha, lakini ya mvua ndiyo yenyewe.

Na sasa ukweli mchungu. Kangaga la seli moja lililozoea ubaridi wa mlimani litateseka mjini Moshi kwenye joto la Januari na Februari, hata ndani ya chupa. Anayeishi Kibosho, Marangu au Old Moshi juu ana nafasi nzuri. Wewe wa Majengo na Pasua, anza na linalovumilia.

CHAGUO LA MJINI: NYWELE ZA VENUS

Hili ni Adiantum capillus-veneris. Jina lake la Kilatini maana yake ni nywele za Venus, mungu wa mapenzi wa Warumi. Wapenzi, mnataka nini tena! Lina vijiti vyeusi vinavyong'aa kama nywele zilizopakwa mafuta, na vijani vidogo kama vipepeo. Halina wembamba wa seli moja, lakini ni laini na linaota lenyewe Tanzania kwenye miamba inayotiririsha maji. Neno Adiantum lenyewe ni la Kigiriki, maana yake halilowani: mwagia maji uone yanavyoteleza na kuanguka.

Ulizeni kwa wauza miche kando ya barabara, na swali la kwanza liwe: hili limetoka wapi? Mwenye bustani akionyesha mama yake, yaani chungu kikubwa alichogawanyia, nunueni. Akisema "kule juu msituni", mwacheni nalo.

Wekeni bafuni penye dirisha, au barazani upande usio na jua, chungu kikae juu ya sahani yenye kokoto na maji. Udongo usikauke kamwe. Likikauka majani yote hufa kwa siku moja, lakini msilitupe! Kateni majani yaliyokufa, endeleeni kumwagilia kidogo, mara nyingi litachipua upya kutoka kwenye shina.

MNATAKA KUZAA? HEBU TUJARIBU

Kwa wenye moyo, otesheni kutoka kwenye spora. Chukueni kipande cha jani lenye vidoa vya kahawia vilivyokomaa, kiwekeni kwenye bahasha ya karatasi siku chache. Mtakuta vumbi. Mwagieni udongo maji ya moto yanayochemka ili kuua vijidudu, ukipoa nyunyizeni vumbi juu, msifukie, funikeni kwa plastiki inayopitisha mwanga.

Baada ya wiki kadhaa mtaona utando wa kijani. Kisha vitatokea vitu vidogo bapa vyenye umbo la, hamtaamini, moyo! Hiyo siyo kangaga bado. Ndiyo hatua ya uchumba. Kila kimoyo kinabeba viungo vya kiume na vya kike, na mbegu ya kiume lazima iogelee kulifikia yai. Inaogelea kweli, kwenye utando wa maji. Pasipo maji hakuna ndoa, hata vimoyo vikiwa vimelaliana. Kwa hiyo katika hatua hii nyunyizeni kila siku chache. Wiki chache au miezi kadhaa baadaye, kutoka kwenye kimoyo kitachomoza kijani kidogo chenye mkia wa kinyonga.

Na yapo makangaga ya ukoo wetu ule wa seli moja ambayo katika sehemu za Ulaya na Marekani yamebaki kwenye hatua ya uchumba miaka na miaka. Yanajiongeza yenyewe, hayazai kangaga kamili. Nyie mlio kwenye uchumba wa mwaka wa saba, sijasema neno!

YA KUKUMBUKA

- Msishindane kumwagilia. Pangeni zamu, andikeni kwenye friji. Makangaga mengi ya ndani hufa kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwagilia, au wote wawili wamemwagilia.
- Vidoa vya kahawia vilivyojipanga vizuri ni spora. Vidoa vilivyotapakaa ovyo na vinavyobanduka kwa ukucha ni wadudu.
- Ncha zikikauka, hewa ni kavu. Majani yakiwa meusi na laini, maji yamezidi au hewa haizunguki.
- Msilipe kangaga kama zawadi kwa mtu anayesafiri kila wiki.
- Mkiwa na kihamba, kangaga zuri kuliko yote ni lile mlilolikuta kwenye gome. Liacheni hapo, lindeni mti wake.

Mwezi ujao tutazungumzia jiko dogo la wawili, na yale mabishano ya nani anaosha vyombo. Kabla ya hapo nawapa kazi ya nyumbani: mwisho wa wiki huu tafuteni mti mmoja wa zamani karibu na mnapoishi, uwe wa kihambani, wa uwanja wa kanisa, wa msikiti, au wa msitu wa Rau. Kagueni upande wake usiopigwa na jua, kuanzia mizizini hadi urefu wa kichwa. Mkipata mkia wa kinyonga, piga picha, acha mmea. Tuonane panapo majaliwa.